Katapila Lililochoka Kila Saa Nne

Kila wiki mmoja wenu, ninyi mafundi chipukizi, hunipigia simu. Sauti inatetemeka kidogo, nyuma yake nasikia injini inanguruma, na swali ni lile lile: "Dada Somoe, katapila limekata nguvu, nianzie wapi?" Na kila wiki kuna mtu mzima anayeniambia niwaache mjifunze wenyewe, kwa kuwa mimi nimestaafu.

Ni kweli nimestaafu. Sijafika miaka arobaini na nimestaafu. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vimekufa ganzi kwa miaka ya kuvuta spana na kugonga pini za cheni. Siku hizi nikishika nati siwezi kujua kama imeingia kwenye njia yake au imekaa upande, na fundi asiyejua hilo anaharibu mali za watu. Nikaacha mwenyewe, kabla sijaambiwa. Lakini nimeacha spana tu. Mdomo sijauacha, na wanaotaka ninyamaze wavumilie.

Nitawaambia habari ya katapila moja lililokuwa likichoka kila ifikapo saa nne asubuhi, huko Chilangala, na jinsi nilivyotaka kuficha kitu kiganjani. Kabla ya hapo lazima mnijue, maana bila kunijua hamtaelewa kwa nini kosa lile lilinitafuna.

Nilitoka Lupaso na cheti cha darasa la saba na beseni la vitumbua. Nilikuwa nauza getini kwenye yadi ya kampuni moja ya barabara pale Masasi. Siku moja mtu wa kuosha vipuri hakufika, na fundi mkuu akaniuliza kama naweza kusugua chuma kwa dizeli. Nikaweka beseni chini. Nilisugua vipuri kwa miaka miwili, na kila nilichokisugua niliuliza kinakaa wapi. Wakachoka kunijibu. Nikaokota kitabu cha mafundi, cha Kiingereza, ambacho mchwa walikuwa wamekila kuanzia nyuma kuja mbele, nikanunua kamusi, nikawa nachora michoro yake kwenye daftari la shule la mwanangu Salma. Nilichojua nilikijua kwa namna hiyo, kikiwa na mashimo ya mchwa ndani yake.

Na nilikuwa mwoga. Naliandika hili wazi kwa sababu wengi wenu ni waoga na mnajifanya hamuogopi. Nikifunga boliti naikagua mara tatu. Nimewahi kufika nyumbani Mkomaindo, nikashuka kwenye bodaboda, nikageuka na kurudi yadini kwa miguu kwenda kugusa kizibo cha oili ambacho nilikuwa nimeshakigusa. Walinipa jina, Mama Rudia. Nililichukia, lakini sikuacha kurudia.

Aliyenifundisha zaidi hakuwa fundi. Alikuwa opereta, mwendesha katapila, Mmakonde wa Newala aliyeitwa Baba Dismas. Mwembamba, mtaratibu wa maneno, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwaka. Nilimjua vizuri siku nilipoua mashine yake kwa mara ya kwanza. Nilipima oili ya giaboksi injini ikiwa imezimwa, nikaona imepita alama, na mimi mtu wa usahihi nikaipunguza hadi ikakaa kwenye mstari kabisa. Hata unywele haukuzidi. Nikafurahi. Katapila likashushwa kwenye lori, likatembea hatua chache, likasimama.

Baba Dismas alishuka, akachomoa kijiti cha kupimia, akakitazama, akanitazama.

"Shikamoo Baba Dismas," nikasema, maana sikuwa na neno lingine.

"Marahaba. Mama Salma, umeipima ikiwa imelala?"

"Ndiyo."

"Ikilala oili yote inarudi kitandani, lazima uione nyingi. Iamshe kwanza, ipate moto, ndipo uihesabu." Kisha akapiga kiti cha katapila kwa kiganja. "Na panda hapa. Nyie mafundi mnaitazama mashine kutoka chini kama mbuzi anayetazama jiko. Kaa. Sikiliza kwa makalio."

Nilikaa. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua chochote, nilikaa kwanza. Cheni ikigoma kuzunguka, injini ikihema, pampu ikilia, vyote vinafika kwenye kiti kabla havijafika masikioni.

Sasa niwaeleze giaboksi hiyo kwa maneno ya kawaida, ili hata msomaji ambaye hajawahi kushika spana atembee nasi. Gia za katapila la aina ile hushikwa na klachi, na klachi hubanwa kwa presha ya oili. Chini ya tangi kuna chujio. Pampu inanyonya oili kupitia chujio hilo na kuisukuma kwenye klachi. Presha ikiwepo, klachi inabana na chuma kinatembea. Presha ikipungua, klachi inateleza, na utasikia injini inapiga kelele huku cheni zimetulia.

Mwaka ule wa Chilangala tulikuwa tunafungua barabara ambayo malori ya korosho hukwama kila msimu. Mvua zilikuwa zinakaribia. Katapila lilikuwa limetoka yadini kwetu Masasi miezi michache nyuma, sevisi kamili, giaboksi imesafishwa mpaka ndani. Baba Dismas alipolipokea alilizunguka akacheka: "Hili limetoka likumbi. Limenyolewa, limepakwa mafuta, limevikwa nguo mpya." Likumbi ni kambi ya jando kwa Wamakonde, na watu wa pale wote walicheka. Nilijivuna siku nzima, kwa sababu mikono iliyolisafisha ilikuwa yangu. Kwenye fomu ya sevisi jina lilikuwa la fundi mkuu, kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeandikishwa kibarua wa usafi, na kibarua hana mstari kwenye fomu.

Kisha zikaja simu. Katapila linawaka saa moja asubuhi na nguvu zote, linang'oa visiki vya mikorosho mizee kama linang'oa mihogo. Ikikaribia saa nne linaanza kusita. Ukiweka gia ya mbele linafikiri kwanza. Saa nne kamili linakataa. Linazimwa, linapumzishwa nusu saa, linaamka kama halikuwa na tatizo, na baada ya saa moja linakataa tena. Wiki tatu.

Fundi mkuu alikuwa mgonjwa, nikatumwa mimi, "ukaangalie tu." Nilipofika nilimkuta Injinia, msimamizi wa barabara ile, chini ya turubai. Kijana msafi, mtu wa bara, miezi mitano tu tangu aje Kusini, na mbele yake kulikuwa na barua iliyokwisha pigwa chapa. Hakunificha. Giaboksi imekufa, alisema, klachi zimeungua, kwa hiyo inashushwa na kupelekwa Dar es Salaam. Na aliyeiua ni opereta, kwa kubadilisha mbele na nyuma mashine ikiwa bado inatembea. Barua ilikuwa ya kumwachisha kazi Baba Dismas kwa uzembe. Ilibaki sahihi tu. Alikuwa anasubiri mtu wa gereji athibitishe.

Baba Dismas alikuwa amesimama pale pale, akisikia kila kitu.

"Injinia," akasema, "nimeanza kuendesha hizi Dismas hajazaliwa. Sasa Dismas ana watoto wawili. Nimebakiza miaka mitatu. Ningetaka kuua giaboksi ningeua zamani, nilipokuwa na nguvu."

"Mzee, mashine ikipata moto inateleza. Hizo ni klachi. Hata kitabu kinasema."

"Kitabu hicho kimewahi kukaa kwenye kiti hiki?"

Injinia akanigeukia. "Dada, wewe thibitisha tu, tusipoteze muda."

Moyo ulikuwa unanipiga mpaka nikauona kwenye kitenge changu. Mtu wa kurudia mara tatu hapendi kuulizwa mbele za watu. Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa, na kitu kisichokaa sawa kinanikera kuliko ninavyoogopa watu. Nikasema, "Sithibitishi. Nataka saa nne yangu mwenyewe."

"Nini?"

"Kesho nakaa kitini kuanzia saa moja. Nataka kuiona inachoka."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea giaboksi itakuwa bado ipo, ishusheni. Ila leo hakuna anayefungua boliti hata moja."

Sijui nilipata wapi ubavu. Baba Dismas alitazama pembeni, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Kesho yake nilifunga geji ya presha kwenye tundu lake, nikapanda, Baba Dismas akisimama kando yangu ameshika nguzo. Saa moja sindano ilisimama pale inapotakiwa. Saa mbili ilikuwa imeshuka kidogo. Saa tatu ikaanza kutetemeka, na chini ya kiti nikasikia pampu inalia, ule mlio mwembamba wa mtu anayevuta uji mzito kwa mrija. Gia ya kwanza, ya pili, mbele, nyuma, zote zilikuwa dhaifu sawasawa. Hili lishikeni. Ingekuwa klachi moja imeungua, gia moja ingelegea na nyingine zingevuta. Zikilegea zote, msitazame klachi, tazameni kunakotoka oili.

Saa nne likasimama. Nikazima, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa giaboksi, mkono huu uliokufa, wakati ule ukiwa hai. Ya moto. Nikasubiri nusu saa nikaweka tena kiganja. Bado ya moto, karibu ile ile. Nikawasha. Likatembea kwa nguvu zote.

"Injinia," nikaita, "weka mkono hapa."

Akaweka, akautoa haraka.

"Kama moto ndio unaoliangusha, mbona ni la moto na linatembea?"

 Ni mtu mwenye akili, nitamtendea haki. Alipangusa vidole, kisha akauliza polepole, "Kuna kitu kinaziba?"

"Kikinyonywa kinaziba chujio, likizimwa kinaanguka. Tufungue chujio."

Tukamwaga oili, nikalala chali chini ya chuma, nikafungua kifuniko. Chujio lilitoka limevaa blanketi. Nyuzi za kahawia, zimelala moja juu ya nyingine kama zimefumwa. Watu wakashangilia. Giaboksi ilikuwa nzima. Baba Dismas alivua kofia yake ya sufi akajifuta nayo uso.

Mimi sikushangilia. Katikati ya nyuzi zile kulikuwa na kitambaa kidogo kisichozidi kidole gumba, bado kimefumwa, na juu yake alama ya wino wa bluu, nusu ya herufi. Gunia la korosho. Na nililijua gunia lenyewe.

Kwetu magunia ya korosho yaliyochoka ndiyo matambara ya kila gereji. Siku ile ya sevisi upepo wa kusi ulikuwa unapuliza vumbi jekundu yadi nzima, na mimi, kwa kuogopa chembe isiingie, nilikata vipande vitatu vya gunia lenye chapa ya bluu nikaziba midomo ya mabomba ya oili yaliyokuwa wazi. Hakuna fundi mwingine pale aliyejisumbua hivyo. Nilipomaliza nilitoa vipande, nikahesabu. Vitatu. Nikahesabu tena. Vitatu. Nikarudia mara ya tatu. Vitatu, nikafunga. Sikutazama kama vimetoka vizima. Kimoja kilikuwa kimechanika, nusu ikabaki bombani, oili ikaisukuma hadi tangini, na huko ikakaa ikijifumua uzi kwa uzi.

Nilikifumba kiganjani. Sikufikiri, mkono ulifanya wenyewe. Nikatoka chini ya katapila nikiwa nimekunja ngumi.

Injinia alikuwa anazisugua nyuzi kwa vidole. "Nyuzi za gunia," akasema, na uso wake ukarudi kuwa mgumu. "Kwa hiyo Mzee ulikuwa unaongeza oili ukiichuja kwa gunia. Klachi hazijaungua, lakini uzembe uko pale pale."

"Nachuja kwa gunia?" Baba Dismas aliuliza, kama hakuelewa Kiswahili chenyewe. "Mimi?"

"Basi lilipitia wapi? Fomu ya sevisi ninayo. Fundi mkuu aliifunga mwenyewe, amesaini. Tangu hapo umelishika wewe peke yako."

Nawaambia ukweli wote, kwa sababu nikiacha nusu na hii habari itawachafulia chujio. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, na kwa muda wa kutosha kuhesabu mpaka ishirini, nilinyamaza. Niliwaza: nimeokoa giaboksi, inatosha. Niliwaza: mwanamke mmoja yadi nzima, hana cheti cha ufundi, wanasubiri kosa moja tu. Niliwaza: yeye amebakiza miaka mitatu, mimi nina mtoto shule. Yote haya niliyawaza, nikimtazama mtu aliyenifundisha kukaa kitini.

Kisha nikafumbua mkono.

"Gunia ni langu. Niliziba nalo mabomba siku ya sevisi, likachanika, sikuona."

Injinia akatazama kitambaa, akatazama karatasi zake. "Wewe hukufanya sevisi. Fomu inasema—"

"Fomu inaongopa. Giaboksi hiyo niliifungua mimi, nikaisafisha mimi, nikaifunga mimi. Na siyo hiyo tu. Zote za miaka minne."

 Baba Dismas hakunitazama. Baadaye alikuja kuniambia kuwa wakati ule alitamani kunichapa kofi, wiki tatu amelala hana usingizi, na ana haki yake.

Injinia akachukua barua iliyopigwa chapa, akaichana. Akachukua fomu mpya ya hitilafu, akaanza kuijaza kwa kalamu, uso umeinama. "Chanzo: kitambaa kilichoachwa ndani wakati wa sevisi. Aliyehusika…" Akaniuliza jina kamili, nikamtajia. "Kazi yako yadini?"

"Andika fundi."

"Orodha yangu inasema kibarua wa usafi."

"Kibarua wa usafi hafungui giaboksi. Ukiandika kibarua, basi hakuna aliyefanya kosa hili, na utarudi kumtafuta huyu Mzee. Kosa ni la fundi. Andika fundi."

"Unajua nikiandika hivi utasimamishwa?"

"Najua. Na pale chini, palipoandikwa aliyegundua hitilafu, andika jina hilo hilo."

Akainamia karatasi. Kisha akaandika. Nikasaini mara mbili, juu na chini. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kukaa kwenye karatasi ya kazi.

Tulijaza oili mpya, kesho yake saa moja Baba Dismas akapanda. Hakuniambia nipande, lakini alisogea kidogo, nikapanda. Saa nne ilipofika lilikuwa bado linavuta. Saa nne na nusu. Saa tano akapiga ile bledi, bamba la mbele, chini ya kisiki cha mkorosho, kisiki kikatoka na udongo wake wote, ndipo akafungua mdomo.

"Mama Rudia," akasema, "mara nyingine hesabu na vilivyochanika."

Nilisimamishwa mpaka mvua zilipokatika. Nikarudi kwenye vitumbua, getini pale pale, na waliotaka kucheka walicheka nikiwapimia chai. Baba Dismas alimaliza miaka yake mitatu, jina lake safi. Mabadiliko yakaja: mashine mpya zina kompyuta, unachomeka waya, kioo kinakuambia presha iko chini. Kioo hakijui ni gunia la nani. Fundi mkuu mwenyewe alistaafu mvua zile zilipokatika, wakamtuma mtu aniite kutoka getini. Barua waliyoniandikia ilisema "fundi". Hawakuwa na jinsi, ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili kwa kalamu ya Injinia.

Wapo wanaosema sikupaswa kuwasimulia haya, kwamba fundi hafunui aibu yake mbele ya wanafunzi. Waacheni. Kipande kile cha gunia ninacho, kwenye kopo la misumari, na anayekuja kwangu kuuliza habari za giaboksi namwonyesha kwanza.

Kwa hiyo kesho ukinipigia kwamba chuma kimekata nguvu, nitakuuliza kama zimelegea gia zote au moja, na umeipima oili injini ikiwa macho au imelala. Lakini kabla ya hayo nitakuuliza kama jina lako limo kwenye fomu ya sevisi. Kama halimo, hata kama wamekuandikisha mfagiaji, nenda kaliandike, uwe tayari lisomwe siku mbaya. Kisha nipigie tena, tuanze na chujio.